Shilingi Iliyoshikwa

Mwezi wa tano, ukungu umeuatamia mlima kama kuku,
redio ya Ndeonasia iko juu ya gunia la ulezi
na huko Dodoma wamekaa kama Kamati ya Matumizi.
Fungu. Kasma. Kifungu kidogo.
Wanaulizwa, wanajibu ndiyooo,
na mabilioni yanapita kama mbuzi mlangoni,
mmoja mmoja, bila kulia.

Ndipo mbunge wetu akasimama.
Mheshimiwa Mwenyekiti,
nisipopata maelezo kuhusu daraja la Kisereni
nitashika shilingi ya mshahara wa Waziri.

Kilabu kizima kikanyamaza.
Makupa akaweka kata ya mbege chini.
Ameishika, akasema. Jamani, ameishika!
Na mtoto wa Elirehema, wa miaka saba,
anayevushwa Kisereni mgongoni kwa kaka yake,
akauliza: shilingi ngapi?
Moja.
Moja tu?
Moja, na hata sokoni Mbuyuni hawaipokei tena.
Akakitazama kiganja chake.

Dakika kumi tuliishi na shilingi ile.
Ndeonasia aliisukia nondo, akaimwagia zege.
Makupa akapitisha juu yake gari la maziwa,
kisha, polepole, jeneza la mkewe,
lile lililosubiri ng'ambo hadi saa mbili usiku
maji yapungue.

Waziri akajibu: Serikali hii ni sikivu,
upembuzi yakinifu unaendelea,
kwa kadiri fedha zitakavyopatikana.
Kwa maelezo hayo mazuri, akasema mbunge,
narudisha shilingi.
Kifungu kikapita bila mabadiliko yoyote.
Kisereni nao ukapita,
bila mabadiliko yoyote.

Mimi sikucheka. Kazi yangu ni hiyo hiyo:
fundi sanifu wa halmashauri, mwenye rula na nyundo.
Najua fedha ziliidhinishwa kweli.
Najua zilifika mwaka uliofuata, Mei ishirini na mbili,
mvua ikichapa migomba hadi inapiga magoti,
na kisichotumika hadi Juni thelathini
hurudi Hazina.
Mwaka wa Serikali huanza Julai.
Mwaka wa mto huanza Machi.
Sijaona kikao kilichowakutanisha.

Mkandarasi akamwaga zege chini ya turubai,
usiku, kwa taa za pikipiki.
Nguzo mbili zikasimama, na kipande cha sakafu.
Nikaenda kupima.
Mkataba: sentimita ishirini.
Rula: kumi na tatu.
Nikafuta rula kwa khanga, nikapima upya.
Kumi na tatu.
Mkandarasi akaniambia kuna chai kwenye gari.
Nikamwambia nimeshakunywa nyumbani.

Chai haikunitikisa. Aliyenitikisa ni Ndeonasia,
aliyeshuka na sufuria ya mtori, miguu peku,
akaketi kwenye rundo la kokoto,
akaongea kwa sauti ya chini, kama anabembeleza mtoto alale:
Mwanangu, andika ishirini.
Ukiandika kumi na tatu fedha zinarudi,
nasi tunabaki na nguzo mbili
kama meno ya kibogoyo aliyeanza upya.
Bora daraja jembamba kuliko karatasi nene.
Wewe unakaa mjini, kwenye lami. Andika.

Mtori ulikuwa wa moto. Niliula wote.
Nilifikiria gari la maziwa,
na lita elfu mbili kwenye sentimita kumi na tatu,
na ni nani angekuwa chini siku hiyo akifua.

Niliandika kumi na tatu.

Ni mwaka wa pili sasa. Ndeonasia haniitikii salamu,
na sina la kumlaumu.
Juzi nilipita, nikasimama ukingoni.
Mtoto wa Elirehema alikuwa akivuka katikati ya nguzo
mgongoni kwa kaka yake, viatu shingoni.
Aliponiona akainua mkono,
ngumi imefumbwa sana,
kama mtu aliyeshika kitu.
Nami sikumwuliza ni nini.